Bahari Isiyofika Masisi

Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Masisi hugawana njia mbili. Ile ya upande wa magharibi huteremka na mto Lowa, hukata misitu ya Walikale na kuingia Lualaba. Ile ya mashariki huangukia ziwa Kivu, hutoka kwa Rusizi hadi Tanganyika, hushika mto Lukuga, na mwishowe huingia Lualaba hiyohiyo, sehemu ya juu zaidi. Maji hayo yote hukutana kabla ya Kisangani na kumwagika pamoja katika Atlantiki karibu na Moanda, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka yalikoanzia. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, mwanazuolojia Mwingereza J. E. S. Moore aliigeuza njia hiyo: alidai kwamba zamani za kale bahari yenyewe ilipanda kupitia bonde la Kongo hadi Tanganyika, kisha ikarudi na kuwaacha wanyama wake nyuma. Dai hilo lilikwisha kukataliwa. Lakini linastahili kuchunguzwa upya kutoka upande huu wa nchi, kwa kuwa maji ya Kivu yanaonyesha waziwazi mahali lilipopotoka: lilichukua sura ya kiumbe kuwa ushahidi wa ukoo wake.

Moore hakuota tu. Mwaka 1858 John Hanning Speke aliokota maganda ya konokono kwenye ufuo wa Tanganyika, na mwaka uliofuata mtaalamu wa London, S. P. Woodward, aliyaeleza kuwa yana sura ya maganda ya baharini: mazito na yenye matuta. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona konyeza wakielea katika ziwa hilohilo, na kwa watu wa wakati ule konyeza alikuwa mnyama wa bahari. Moore alikwenda Tanganyika mwaka 1895, kisha akaongoza msafara wa pili wa 1899 hadi 1900 uliopanda kaskazini hadi Kivu. Huko alitafuta wanyama walewale asiwapate. Hapo alifikiri vizuri sana: alitambua kwamba Kivu na Tanganyika viliunganishwa karibuni tu, na kwamba samaki wa Kivu wanafanana zaidi na wa ziwa Edward. Kweli, volkeno za Virunga ndizo zilizoziba njia ya kaskazini, maji yakajaa na kupata mlango wa Rusizi. Kwa kuwa bahari haikuweza kupita kaskazini, Moore aliamua ilitoka magharibi. Katika kitabu chake cha 1903 alilinganisha maganda ya Tanganyika na visukuku vya Ulaya vya enzi ya Jurasiki, iliyokwisha miaka milioni 145 iliyopita.

Hoja yake ilikuwa na nguvu kwa sababu mpaka kati ya chumvi na maji baridi ni mgumu kweli kuvukwa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Damu ya samaki wengi wenye mifupa ina kama theluthi ya kiasi hicho. Kwa hiyo samaki wa baharini hupoteza maji mwilini saa zote, naye hulazimika kunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi hiyo kwa seli maalumu za matamvua yake. Samaki wa mtoni ana shida ya kinyume chake. Maji humwingia bila kukoma, chumvi humtoroka. Figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi, na matamvua huokota chembe za chumvi kutoka maji yasiyo nayo karibu kabisa. Mashine ileile ya matamvua yapaswa kugeuzwa mwelekeo. Konyeza wa baharini hana hata ulinzi huo, maana umajimaji wake una chumvi sawa na bahari. Mtu aliyejua haya angeona ni rahisi zaidi kusema bahari ilinaswa ndani ya nchi na maji yakapungua chumvi polepole, wanyama wakizoea kizazi kwa kizazi.

Ushahidi ulikataa. William Cunnington, aliyefanya utafiti Tanganyika mwaka 1904 na 1905, alihitimisha kwamba upekee wa ziwa hilo umetokana na kutengwa kwake kwa muda mrefu. Konyeza huyohuyo alionekana pia katika ziwa Victoria na mto Niger, na jamaa yake alikuwa amekwisha kugunduliwa mwaka 1880 ndani ya birika la mayungiyungi huko Regent's Park, London, ambako hakuna anayeweza kudai kwamba bahari ya kale ilinaswa. Maganda mazito nayo yalipata maelezo yaliyo karibu zaidi: Tanganyika ina kaa wenye magando yenye nguvu ya kuvunja konokono, na konokono mwenye ganda jembamba haachi watoto. Baharini kaa wamefanya kazi hiyohiyo. Adui wa namna moja alileta silaha za namna moja, pasipo undugu.

Mtetezi wa Moore angeweza kutaja miamba ya Jurasiki iliyo karibu na Kisangani, yenye visukuku vya samaki, ambayo baadhi ya wanajiolojia waliiona kuwa na dalili za bahari. Tuseme wana haki. Bado Bonde la Ufa lililobeba Tanganyika lilianza kupasuka yapata miaka milioni 10 iliyopita, na hakuna ziwa linaloweza kupokea wageni kabla halijakuwapo.

Masisi ina mfano ulio wazi kuliko konokono. Katika pembe ya Kivu, kati ya Sake na Bweremana, kuna ghuba ya Kabuno, iliyotengwa na ziwa kubwa kwa kizingiti kisicho na kina. Chemchemi za ardhi ya volkeno huiletea gesi ya kaboni na chuma kilichoyeyuka. Oksijeni huishia kwenye kina cha mita 10 hivi, ilhali katika ziwa kubwa hufika kama mita 60. Mpakani hapo wanaishi bakteria wanaotumia mwanga wa jua kukitia chuma kutu ili wajipatie chakula, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliichukua ghuba hii kuwa kielelezo cha bahari za dunia kabla ya hewa kujaa oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mtu atasema basi Moore alikuwa na haki, bahari ya kale ipo Sake! La. Kabuno ni maji machanga ya mvua na chemchemi. Hali zilirudi, na maisha yanayofaa hali hizo yakaonekana tena.

Anayetoka baharini kwa ukoo hana sura ya ajabu. Ni sambaza, samaki mdogo wa fedha anayeuzwa mbichi na mkavu kuanzia Sake hadi milimani, na anayevuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya wavu. Ni wa jamii ya heringi, jamii ya bahari. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu zake waliingia mito ya Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, wazao wao wakasambaa hadi Kongo, na baadaye wengine wakafika Tanganyika. Baadhi ya samaki wa jamii ya heringi hata leo huacha bahari kwenda kutaga mitoni, kwa hiyo kugeuza kazi ya matamvua hakukuwa kazi mpya kwa jamii hiyo.

Pingamizi la mwisho ni la haki: Kivu, sambaza hakufika mwenyewe. Maporomoko ya Rusizi yalimzuia, na Wabelgiji ndio waliomleta kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa. Mkono wa mtu ulimpandisha hatua ile moja. Uwezo wa kuishi katika maji baridi alikuja nao. Ulijengwa katika mito ya magharibi kabla Tanganyika haijakuwapo, na kabla lava ya Virunga haijaziba njia ya Kivu.