Kutoka Mpanda kwenda kuona mpira Ndola

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo tuongelee mpira. Ingawa najua huku kwetu huwezi kuongelea mpira wa ugenini bila kugusa reli, barabara na mipaka, kwa hiyo siasa itaingia tu. Mtanisamehe.

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024 nilikuwa hapa Mpanda, mtaa wa Makanyagio, nimebanana na vijana wenzangu kwenye kibanda umiza. Taifa Stars ilikuwa Ndola, Zambia, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Dakika ya tano tu Waziri Junior akafunga, na dakika zote zilizobaki tulizimaliza tukiomba mpira uishe. Ukaisha hivyo hivyo, 1-0. Watu wakamwagika nje na kelele zao.

Katikati ya kelele zile jamaa mmoja akauliza, "Hivi Ndola ni mbali kiasi gani? Si tungekwenda?" Mwingine akamkata juu kwa juu: "Wewe! Mpaka ufike Dar kwanza, ndipo upande ndege. Unazo hizo hela?" Tukacheka wote. Nami nilicheka, nikakubali kabisa kwamba safari ya nje ya nchi lazima ianzie Dar.

Usiku nikafungua ramani. Nikajiona mjinga.

Kutoka Mpanda hadi Tunduma kwa barabara, ukipitia Sumbawanga, ni kama kilomita 460. Kutoka Tunduma hadi Ndola, ukipitia Mpika na Kapiri Mposhi, ni kama 930. Jumla karibu kilomita 1,400. Na kwenda Dar kwa barabara ya Tabora na Dodoma je? Karibu 1,200. Yaani tofauti ya Dar na Ndola kwa mtu wa Mpanda ni safari ya nusu siku tu ya basi. Shabiki wa Dar akitaka kwenda Ndola kwa gari anatembea zaidi ya kilomita 1,800. Kumbe aliye mbali na uwanja ule ni yeye, siyo sisi!

Sasa swali lililoninyima usingizi: kwa nini watu wote mle kibandani, pamoja na mimi niliyesoma, tuliiona njia moja tu, ya Dar?

Nadhani jibu liko kwenye reli. Mji huu ulikua kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianza kujenga tawi la reli la kama kilomita 210 kutoka Kaliua hadi hapa, siyo kwa ajili ya bibi zetu kwenda kusalimia ndugu Tabora, bali risasi ifike bandarini Dar es Salaam. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru. Reli ikabaki. Wakulima wakaitumia, wanafunzi wakaitumia, askari na walimu waliohamishiwa huku wakaletwa nayo. Kwa miongo mingi mtu wa Mpanda akisema "nasafiri" maana yake ilikuwa moja: anapanda treni, anavuka mto Ugalla (kama mvua haijakata njia), anafika Kaliua, Tabora, halafu mashariki. Njia ya madini ikawa njia ya fikra zetu.

Upande wa kusini tukawa na kitu kingine, mstari. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba Berlin wakagawana maeneo yao Afrika Mashariki, na ndimo ulimotoka mpaka kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Hakuna Mnyamwanga wala Mmambwe aliyeulizwa. Leo Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, wanazikana na kuoana, ila kitabu kinasema mmoja yuko "nje ya nchi". Kwa hiyo hii "nje" tunayoiogopa nauli yake, mahali pengine ni upande wa pili wa barabara.

Haya, turudi kwenye mpira. Kama kuna mwaka ambao Zambia ilikuwa jirani yetu kweli kweli ni 1979. Mwaka huo Simba walipigwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, kila mtu akajua yamekwisha. Wakaenda Lusaka wakashinda 5-0! Wazee wa Msimbazi wataisimulia hadi kiama. Halafu ikaja zamu ya Taifa Stars. Tarehe 11 Agosti tuliwafunga Zambia 1-0 Dar. Marudiano yakawa Ndola tarehe 26 Agosti, tukihitaji sare tu ili twende fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Zambia wakatangulia kufunga. Dakika za mwishoni Peter Tino akasawazisha. 1-1. Tanzania ikaenda Lagos.

Bao hilo kila Mtanzania anayependa mpira analijua. Mimi nilitaka kujua kitu kingine: nani kutoka huku kwetu aliliona?

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli. Nilimwendea na hiyo ramani yangu, nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Unajua kwamba Ndola siyo mbali?" Akaniitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi najua. Mwaka ule sisi tulifika Sumbawanga."

Anasema walikuwa vijana watatu. Waliweka akiba tangu waliposikia ratiba redioni. Hawakuwa na pasi za kusafiria, wakijipa moyo kwamba Tunduma watavuka kama wanavyovuka wenyeji. Walidandia lori lililokuwa linakwenda Ufipa kuchukua mahindi, siku mbili njiani, vumbi hadi kwenye meno. Sumbawanga likaishia hapo. Dizeli hakuna. Wakangoja siku moja, mbili, tatu. Siku ya mechi ikawakuta wamekaa chini ya mti nje ya duka, wanasikiliza Radio Tanzania kwenye redio ya betri ya mwenye duka. Peter Tino alipofunga walirukaruka na watu wasiowajua. Kesho yake wakaanza kutafuta lori la kurudi.

"Huwa siisimulii," akaniambia. "Mtu aliyesafiri kwenda kuona mpira akausikiliza redioni, atasimulia nini?"

Wadau, hapo ndipo historia ilipoacha kuwa tarehe kwangu. Ukiangalia mwaka ule utaelewa kwa nini lori liliishia Sumbawanga. Vita vya Kagera vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na nchi ilikuwa imemaliza fedha na magari yake vitani. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka huo huo. Fedha za kigeni zilikuwa chini ya mamlaka ya Benki Kuu, na sidhani kama kulikuwa na fomu ya kuombea kwacha za kwenda kumwona Peter Tino.

Labda utauliza, TAZARA je? Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Ilijengwa kwa msaada wa Wachina ili shaba ya Zambia isilazimike kupita kwa walowezi wa Rhodesia. Inapita Tunduma na Kasama. Lakini ili uipande ukitokea Mpanda ilibidi kwanza ufike Tunduma, na tatizo lilikuwa hapo hapo. Na hata TAZARA yenyewe haikuwa salama: Oktoba 1979, wiki chache tu baada ya bao la Tino, makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya Chambeshi, la reli na la barabara. Mechi ingepangwa miezi miwili baadaye, hata shabiki wa Dar mwenye tiketi mkononi angekwama.

Huko Lagos, Machi 1980, tulifungwa na Nigeria 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Kisha tukakaa miaka 39 mpaka Misri 2019. Januari 2024 kule San Pedro, Ivory Coast, tukakutana tena na Zambia na matokeo yakawa yale yale ya 1979, 1-1, ila safari hii wao ndio waliosawazisha mwishoni. Msuva alitangulia kufunga dakika ya 11, Daka akarudisha dakika ya 88. Safari ya San Pedro, hiyo kweli ni ya ndege na ya wenye nazo. Sibishani.

Lakini Ndola? Au Lusaka? Hebu tupige hesabu ya mtu wa kawaida.

Barabara kwanza. Kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, kiliwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa Millennium Challenge uliosainiwa mwaka 2008. Kutoka Sumbawanga kuja Mpanda nako lami imefika, ukipita Sitalike unaona viboko wa mto Katuma bila kulipa kiingilio cha hifadhi. Njia iliyomchukua mzee wetu siku mbili hadi Sumbawanga, leo ukitoka Mpanda alfajiri unalala Tunduma. Lala upande wa nyumbani, utaelewana na mwenye nyumba ya wageni kwa Kiswahili na kwa shilingi.

Mpaka wa pili. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde kuna kituo cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja. Mtanzania haombi viza kwenda Zambia. Gharama kubwa ni pasi yenyewe, shilingi 150,000 tangu zilipoanza hizi za kielektroniki mwaka 2018, lakini hiyo unailipa mara moja ikudumu miaka 10. Anza mapema kutafuta vyeti. Majirani zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 na wengi wakapewa uraia miongo kadhaa baadaye, wanaijua thamani ya karatasi kuliko sisi tunaoziacha zinaliwa na panya.

Fedha. Zambia ilibadilisha kwacha yake Januari 2013, ikafuta sifuri tatu. Ukibadilishiwa na mtu wa barabarani ukapewa noti zenye sifuri nyingi, ujue umeuziwa kumbukumbu. Saa nayo: Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukisahau utafika kituoni mapema usubiri basi, hasara yake ni usingizi tu. Ukisahau wakati wa kurudi, basi la Sumbawanga limekuacha.

Kutoka Nakonde panda basi hadi Kapiri Mposhi au Ndola kwenyewe. TAZARA ni nzuri kwa mwenye muda, ila usiipange bila kwanza kuuliza kituoni kama inatembea wiki hiyo. Uwanja wa Levy Mwanawasa pale Ndola, uliofunguliwa mwaka 2012, unachukua watu karibu 50,000. Nafasi haitakosekana.

Na la mwisho, kalenda. Mechi za mataifa huchezwa zaidi Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba. Kwetu Katavi, Machi ni mvua na mifuko mitupu. Juni na Septemba mahindi na mpunga vimeshavunwa, barabara kavu. Mechi ya 2024 iliangukia Juni! Ilikuwa imepangwa kwa ajili yetu kabisa, na sisi tukaiangalia Makanyagio kwa sababu tuliamini Ndola iko nyuma ya Dar.

Sisemi kila mtu ana hela. Kuna rafiki zangu ambao hata nauli ya Sumbawanga ni mjadala. Ninachosema ni kwamba mwaka 1979 waliozuiwa walizuiwa na dizeli, vita na mipaka. Mwaka 2024 sisi wengine tulizuiwa na ramani ya kichwani, ile ya risasi ya Mukwamba, na hiyo haihitaji fedha za wafadhili kuibadilisha.

Tumeanza kibubu, tuko wanne. Hatujui Taifa Stars itapangiwa lini tena kwenda Zambia, lakini ratiba zinatoka miezi kadhaa kabla, na pasi yangu imeshatoka. Nilipompitia mzee jioni kumweleza, nilidhani atanitakia safari njema tu. Akaniuliza pasi inachukua muda gani kutoka. Nikamwambia. Akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa hiyo tuko watano.