Kilo ya Vifaranga Si Kilo ya Sato

Mfugaji anapouliza bwawa lake libebe samaki wangapi, mara nyingi hujibiwa kwa kilo: kilo kadhaa kwa kila mita ya ujazo ya maji. Nadai kuwa jibu hilo lina kasoro ya msingi. Uzito wa jumla hautuambii samaki hao wanahitaji pumzi kiasi gani.

Mwaka 1932 mtafiti Max Kleiber alionesha kwamba umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati na oksijeni, wa mamalia na ndege hauongezeki sambamba na uzito, bali hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha takriban 0.75. Kwa samaki wenye mifupa, Clarke na Johnston walipata mwaka 1999 kipeo cha karibu 0.8. Hesabu hiyo tuipeleke bwawani. Chukua sato mmoja wa kilo 1 na vifaranga 1000 wa gramu 1 kila mmoja. Kwenye mizani ni sawa. Kwa kipeo cha 0.8, vifaranga hao hutumia oksijeni takriban mara 4 ya huyo mkubwa.

Tena kuna joto. Mwili wa samaki hufuata joto la maji, na maji yakipanda nyuzi 10 umetaboli wake huongezeka karibu maradufu. Maji nayo hupungukiwa palepale: katika usawa wa bahari, maji yasiyo na chumvi hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa nyuzi 20 za Sentigredi, lakini 7.6 tu yakifika nyuzi 30. Ziwa Victoria, lililo zaidi ya mita 1100 juu ya bahari, hupata pungufu ya hapo.

Lililo zito zaidi ni kwamba joto na ukubwa wa mwili haviendi kila kimoja peke yake. Killen na wenzake walionesha mwaka 2010 kuwa kipeo chenyewe hushuka kadiri joto linavyopanda, yaani pengo kati ya mdogo na mkubwa hupanuka maji yanapopata joto. Perege wa Ziwa Magadi, Kenya, ni shahidi mzuri: samaki mdogo anayeishi kwenye chemchemi zinazozidi nyuzi 40, ambaye umetaboli wake, kwa vipimo vilivyotolewa mwaka 2016, unalingana na wa mamalia wadogo.

Hata hivyo, mtafiti Daniel Pauly hushikilia kwamba maji yakipata joto samaki wakubwa ndio huumia kwanza, kwa kuwa eneo la matamvua haliwezi kwenda sambamba na ukuaji wa mwili. Lefevre na wenzake walimjibu mwaka 2017 kuwa matamvua ni kuta zilizokunjwa, zinazoweza kukua kadiri ya haja. Naona hoja yao ina nguvu zaidi, ingawa sato mkubwa aliyeshiba naye huhitaji oksijeni nyingi ya kumeng'enya chakula.

Jedwali la kupandikiza samaki bwawani, basi, liongezewe safu mbili: wastani wa uzito wa samaki mmoja, na halijoto ya maji. Na oksijeni ipimwe alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, baada ya mwani na samaki kuitumia usiku kucha.