Mabaki ya vitambaa: yapi ya jikoni, yapi ya mlangoni

Mafundi cherehani wa soko la Kibuye, Kisumu, hubakiwa na vipande vya vitenge, leso na mashuka. Usivitupe. Vinatoa foronya, mazulia ya mlangoni na vikapu vya sokoni, badala ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Kishikio cha sufuria kinataka pamba tupu: panga matabaka manne au zaidi, yashone pamoja, kisha piga pindo. Poliesta huyeyuka kwa moto na kuganda kwenye ngozi. Ukishuku, choma uzi mmoja mbali na watoto: pamba huacha jivu laini, poliesta huacha punje ngumu. Hiyo ibaki mlangoni. Na kishikio kikilowa, kianike kwanza. Maji hupitisha joto upesi mkononi.