Reli ya Paoli na Minara Yake ya Ishara

Upande wa magharibi wa mji wa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, viko vitongoji vilivyopangana kandokando ya reli kutoka Overbrook hadi Paoli, masafa yapatayo kilomita 23, navyo kwa jumla huitwa Main Line, kwa jina la njia kuu ya uchukuzi iliyojengwa na serikali ya jimbo hilo na kufunguliwa mwaka 1834. Mpenzi wa reli aendaye huko na kamera yake begani hutafuta mambo mawili: treni za umeme ziwachukuazo wakazi asubuhi kwenda kazini na kuwarudisha jioni, na minara ya ishara, yaani vile vijumba vya ghorofa vilivyosimama karibu na makutano ya njia, ambamo kwa muda mrefu walikaa watu usiku na mchana wakiamua treni ipi ipite na ipi ingoje. Nami nilikwenda kwa ajili ya hayo mawili. Lakini kadiri nilivyoshuka katika stesheni hii na kupanda katika ile, ilinidhihirikia kwamba kila kitu pale kilizaliwa na haja ya kile kilichokitangulia, na kwamba mpiga picha asiyeujua mfuatano huo atarudi kwao na picha nzuri zisizosema neno.

Asili ya reli hiyo ni hofu ya biashara. Mwaka 1825 jimbo jirani la New York lilifungua mfereji wa Erie, na wafanyabiashara wa Philadelphia, wakiona shehena za bara zinawapita kuelekea bandari ya wenzao, walilihimiza jimbo lao litengeneze njia ya kuvuka milima hadi Pittsburgh, sehemu kwa mifereji na sehemu kwa reli. Kipande cha mashariki kilikuwa reli ya maili 82 kutoka Philadelphia hadi Columbia, ukingoni mwa mto Susquehanna. Hapo mwanzo ilihesabiwa kuwa njia ya umma kama barabara nyingine yoyote: kila mchukuzi alikuja na farasi wake na gari lake, akaenda kwa mwendo autakao, na wawili walipogombea nafasi, haki ilikuwa ya mwenye sauti kubwa. Fujo ile, iliyodumu mpaka farasi walipopigwa marufuku na kuachiwa injini za mvuke peke yake, ndiyo iliyowafundisha watu wa reli kwamba chombo kisichoweza kukwepa kando sharti kiwe chini ya amri ya mmoja.

Mwaka 1857 kampuni ya Pennsylvania Railroad, iliyoasisiwa mwaka 1846, iliinunua njia yote hiyo kwa dola milioni 7.5, kisha ikaanza kuinyoosha mikunjo yake. Ilipokuwa ikinyoosha ilipata mashamba kuliko ilivyohitaji kwa reli peke yake, na wakuu wake, ambao hawakuwa watu wa kuacha ardhi ilale bure, wakaanza kuikata viwanja na kuiuza. Kijiji cha Humphreysville kikabadilishwa jina mwaka 1869 kikawa Bryn Mawr, kwa kuwa eneo hilo lilikaliwa na Waquaker kutoka Wales tangu karne ya 17 na majina ya Kiwelshi yalionekana kuwa na heshima masikioni mwa wanunuzi. Kampuni ikajenga na hoteli ili watu wa mjini waje wakati wa joto, wapaonje, wapapende. Wakurugenzi wenyewe wakahamia, mashuhuri miongoni mwao akiwa Alexander Cassatt, aliyekuwa rais wa kampuni kuanzia mwaka 1899 hadi 1906, ambaye makazi yake yalikuwa Haverford. Ndiyo maana stesheni zinafuatana kwa karibu mno, Merion, Narberth, Wynnewood, Ardmore, Haverford, Bryn Mawr, na nyingi katika hizo zina hadhi kuliko haja ya jengo la kukatia tiketi: zilikuwa milango ya nyumba za matajiri.

Kuna jambo moja la nuru ambalo sijaliona likisemwa, na ambalo mpiga picha hulitambua siku ya kwanza. Reli hii huelekea magharibi kutoka mjini, kwa hiyo treni za asubuhi zilizojaa waendao kazini huja zikilikabili jua linalochomoza, na zile za jioni zilizojaa warudio hulikabili jua linalotua. Nyuso za treni hizo daima ziko nuruni, na picha yake ni rahisi. Lakini majumba yale yalihitaji wapishi, wafuaji, walezi na watunza bustani, na wengi wao, hasa Wamarekani weusi waliokuja kutoka kusini katika karne ya 20, walikaa Philadelphia na kupanda treni kwa mwelekeo wa kinyume, wakitoka mjini asubuhi na kurudi jioni. Treni zao zilikwenda zikilipa jua mgongo. Atakaye kuzipiga picha hana budi kusubiri mawingu au kukubali kivuli, na mimi naona inafaa kukikubali, kwa maana historia ya vitongoji hivi haikamiliki kwa treni za upande mmoja.

Treni hizo zote ziliishia katika stesheni ya Broad Street, iliyofunguliwa mwaka 1881 mbele ya jumba la baraza la mji. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutua kidogo, kwani katika mtaa huohuo wa Broad, kaskazini zaidi, ndiko kilikokuwa kiwanda cha Baldwin, ambacho mwanzoni mwa karne iliyopita kilikuwa kimekwisha kupeleka injini Mombasa kwa ajili ya reli ya Uganda. Chuma kilichopanda bara kupitia Voi na Nairobi kilifuliwa karibu na makelele ya stesheni hii. Na makelele yalikuwa makubwa kupita kiasi. Treni ya mvuke ikiingia katika stesheni ya kikomo, injini yake hubaki imezibwa mbele, hata ije nyingine iyavute mabehewa kwa nyuma, ndipo ile ya kwanza ipate kutoka kwenda kugeuzwa na kutiwa maji na makaa. Na kila mwendo mmoja wa namna hiyo huiziba njia ambayo treni nyingine inaingoja. Vitongoji ambavyo kampuni ilivizaa kwa hiari yake sasa vilikuwa vikiisonga pumzi.

Dawa ilikuwa umeme. Septemba 1915 mabehewa yenye mota zake yenyewe, na chumba cha dereva kila mwisho, yalianza kwenda Paoli chini ya waya wa volti 11,000. Dereva alipofika Broad Street alitoka mwisho huu akaenda mwisho ule, na treni ikawa tayari kurudi. Waya huo ulifika New York mwaka 1933, Washington mwaka 1935, na Harrisburg, makao makuu ya jimbo, mwaka 1938. Hata leo mkondo wake ni wa mizunguko 25 kwa sekunde, kipimo kilichofaa mota za zama zile, ilhali Marekani nzima hutumia 60. Kwa hiyo treni za sasa, hata zile za fedha ziitwazo Silverliner IV zilizoundwa miaka ya 1970, zinaendeshwa kwa umeme uliopangwa kwa ajili ya babu zao.

Lakini umeme nao ulizaa shida yake. Ishara za reli hadi wakati huo zilikuwa mikono juu ya nguzo: mkono ulalao ni kusimama, ulioinama ni tahadhari, uliosimama wima ni kupita. Nguzo na nyaya za umeme zilipopandwa juu ya njia nne sambamba, mikono ile ikapotea machoni pa dereva kama mtu aliyesimama nyuma ya nyavu. Mkuu wa ishara wa kampuni, A. H. Rudd, akaiondoa mikono na kuweka mahali pake taa, zote za rangi moja ya manjano hafifu, zilizopangwa kwa mstari: mstari ulalao, mstari wa kuinama, mstari wa wima. Dereva hakulazimika kujifunza lugha mpya, maana taa zilichora mkono uleule aliouzoea tangu ujana. Na kwa kuwa maana ilikuwa katika mstari wala si katika rangi, taa moja ilipoungua zilizobaki bado zilisomeka. Ishara hizo, zilizoanza katika reli hii ya Paoli mwaka 1915, zilienea katika mtandao wote wa kampuni. Mimi nazihesabu miongoni mwa vitu vizuri vilivyopata kubuniwa na mafundi wa reli, na ninasikitika kuona kwamba tangu Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, ilipokabidhiwa njia hii mwaka 1976 taa za rangi nyekundu na kijani zimezidi kutiwa mahali pa zile za manjano.

Nyuma ya kila ishara palikuwa na mnara. Ghorofa yake ya juu ilizungushiwa madirisha ili mlinzi aone pande zote, na ndani yake zilipangwa nyenzo, moja kwa kila ishara na kwa kila ulimi wa chuma uhamishao treni kutoka njia hii hadi ile; chini yake vyuma vilikingamana kwa ufundi ambao wenzo mmoja ukivutwa, zote zinazopingana nao hufungwa. Mlinzi aliandika saa na dakika ya kila treni na kumwarifu kwa simu msimamizi wa njia. Mnara ulijulikana kwa jina lake fupi, Paoli, Thorn, na ule uitwao Zoo kwa kuwa jirani na bustani ya wanyama ya Philadelphia, ambapo njia za New York, Harrisburg na Washington hukutana. Kisha ukaja uwezo wa kuziamuru ishara kutoka ofisi moja iliyo mbali, na minara ikanyamazishwa mmoja baada ya mwingine. Umeme ulioondoa mikono ya ishara ndio uliowaondoa na wenye kuiendesha.

Paoli penyewe pana kumbukumbu nyingine, ambayo haipendezi katika picha. Karakana ya mabehewa ya umeme ilisimama hapo, na mafuta ya kupozea transfoma, yenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, yalidondoka miaka mingi hata yakaingia ardhini na kuchukuliwa na maji ya mvua kuelekea makazi ya watu. Mwaka 1990 serikali kuu ilipaandika mahali hapo katika orodha ya maeneo yanayopaswa kusafishwa. Hewa safi waliyoipata abiria moshi ulipoondoka ililipiwa na udongo wa jirani.

Atakaye kuona mnara ukifanya kazi aendelee hadi Harrisburg, kilomita 167 kutoka Philadelphia. Mnara wa Harris, uliojengwa na kampuni hiyohiyo mnamo mwaka 1930 na kufungwa mwaka 1991, ulinusurika kwa jitihada za chama cha wapenzi wa historia ya reli, ambao waliitengeneza upya mashine yake na kuiunganisha na kompyuta inayoleta treni za miaka ya 1940, zisizokuwapo tena. Mgeni huruhusiwa kushika vishikio vyake. Nilipiga picha nyingi katika safari ile, za nguzo, za taa na za treni ziangazwazo na jua la jioni, lakini hakuna hata moja iwezayo kuonyesha kile ambacho mkono huhisi pale kishikio kinapokataa kusogea kwa sababu treni nyingine imekwisha kupewa njia. Elimu ile iko katika kukataa kwake, nayo hupatikana tu pale ambapo mashine ni nzima na yuko mtu wa kueleza kwa nini imekataa.