Kura Zilizotosha: ANC ya Mtemvu, Marufuku ya Vyama na Somo la Pwani ya Ruvuma

Tarehe 1 Novemba 1962 Watanganyika walimchagua Rais wao wa kwanza. Julius Nyerere wa chama cha TANU alipata kura 1,127,978. Mpinzani wake pekee, Zuberi Mtemvu wa African National Congress (ANC), aliambulia 21,276, yaani chini ya asilimia 2. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja. Mwaka huohuo Mtemvu alirudi TANU, na Katiba ya Muda ya 1965 ikaufunga rasmi mlango wa vyama vingine. Makala haya yanadai kwamba siasa ya ubaguzi wa rangi ya ANC ilikuwa imekwisha kushindwa kwenye sanduku la kura, na kwamba marufuku iliyofuata iliondoa uwanja wa kuijibu huku mbegu yake ikibaki ardhini. Nalitazama suala hili kutoka Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma, kwa sababu hapo ndipo kaulimbiu yake ya "Afrika kwa Waafrika" inapokwama mapema kuliko kwingine.

Kwanza tukitendee haki chama chenyewe. ANC kilizaliwa mwaka 1958, baada ya mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari mwaka huo kukubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Kwa utaratibu huo, mpiga kura alilazimika kuchagua wagombea watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyeweka alama kwa Mwafrika aliyemwamini, akaacha nafasi mbili zilizobaki wazi, kura yake iliharibika. Wazungu walikuwa elfu ishirini na kitu katika nchi ya watu karibu milioni tisa, lakini walitengewa viti sawa na Waafrika. Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU, aliyaona hayo kuwa matusi, akajitoa. Hasira yake ilikuwa na msingi, na asiyekiri hivyo hataelewa kwa nini chama hicho kilipata wasikilizaji.

Kosa lilianzia pale hasira ilipogeuzwa kuwa itikadi. Kutoka kukataa kura tatu, ANC kilifika kudai kwamba nchi, vyeo na uraia viwe vya weusi peke yao. Vyama vya mrengo wa kulia uliokithiri Ulaya navyo vilijengwa juu ya rangi, lakini vilitetea waliokuwa na nguvu, ilhali ANC kilisema kwa niaba ya wanyonge. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa. Hata hivyo kipimo chao kilikuwa kimoja: haki ya mtu ipimwe kwa damu yake.

Tena kipimo hicho hakikuwa cha ANC peke yake. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipofika bungeni, baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia ufuate rangi. Nyerere aliwajibu kwa ukali, akawafananisha na akina Hitler, akasema Serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Ukapita. Nchi ilisikia hoja mbaya ikisemwa hadharani na kuvunjwa hadharani. Mwaka mmoja baadaye wapiga kura wakatoa hukumu yao.

Sasa tusogee kusini. Mikindani, mji mkongwe wa nyumba za matumbawe na milango ya nakshi, umejengwa na Wamakonde, Waswahili wa pwani, Waarabu na Wahindi. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, Wamakonde wa uwanda wa Mueda walivuka kwa miaka mingi kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Baada ya mauaji yaliyofanywa na Wareno huko Mueda Juni 16, 1960, na hasa vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, wengi zaidi walivuka wakiwa wakimbizi. Hapo mwenyeji ni nani? Mmakonde aliyevuka jana ana rangi inayotakiwa, ila amezaliwa chini ya Mreno. Mhindi ambaye babu yake amezikwa Mikindani hana rangi hiyo, ila hana kwao pengine. Katika pwani hii rangi haimtambulishi mwenyeji.

FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, nacho kiligongana na swali hilohilo. Kwa maelezo ya chama hicho, kundi la Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, lilimtambua adui kwa rangi yake, ilhali viongozi wake Eduardo Mondlane na Samora Machel walisema adui ni mfumo wa ukoloni. Mwaka 1969 Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno walewale.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kufuatia ripoti ya Tume ya Nyalali kuhusu mfumo wa vyama, sheria ilichukua njia iliyo bora kuliko ya 1963. Ibara ya 20 ya Katiba inazuia kusajiliwa kwa chama kinacholenga maslahi ya dini, kabila, rangi au eneo fulani tu. Kinachopimwa ni lengo la chama. Upinzani wenyewe si kosa. Democratic Party cha Mchungaji Christopher Mtikila, aliyewashambulia Waasia kwa jina la dharau la "magabacholi" na kuukataa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kilinyimwa usajili kwa miaka mingi hadi 2002. Alipogombea urais mwaka 2005 hakufikisha asilimia 1. Wananchi walitosha tena.

Hata sheria nzuri inaweza kuvutwa mbali na lengo lake. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kupinga gesi ya Mnazi Bay kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kabla wao hawajaona faida. Mei 2013 ghasia zilizuka, watu wakafa, na wanajeshi wakaingia mjini. Kulikuwa na waliowaita waandamanaji hao wabaguzi wanaotaka kuigawa nchi. Napendekeza kipimo rahisi: je, dai hili linamnyang'anya mwingine haki yake kwa sababu ya asili yake? ANC kilipodai uraia wa weusi peke yao, jibu lilikuwa ndiyo. Mvuvi wa Msimbati anayeuliza gesi iliyo chini ya bahari yake itamletea nini hamnyang'anyi mtu haki. Akinyamazishwa kwa jina la umoja, ndipo mhubiri wa chuki atakapopata wasikilizaji, kama Mtemvu alivyowapata kwa sababu ya kura tatu.

Basi chama cha ubaguzi kizuiwe kwa sheria inayotaja kosa lake waziwazi, mbele ya mahakama iliyo huru, na malalamiko yaliyokizaa yajibiwe. Mwaka 1962 Watanganyika walipewa nafasi ya kuchagua kati ya rangi na utu, wakachagua utu. Wanaotunga sheria za vyama leo wawaamini wapiga kura hao.