Kuing'oa systemd kunavyokwamisha kompyuta za Linux

KATIKA kompyuta inayotumia Linux, kiini cha mfumo kikishaamka huanzisha programu moja tu, inayopewa namba 1. Hiyo ndiyo huziamsha nyingine zote. Ikifa, mfumo mzima husimama.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na sysvinit. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa systemd, inayoamsha huduma nyingi kwa pamoja. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian iligawanyika nusu kwa nusu, systemd ikapita kwa kura ya uamuzi ya mwenyekiti, Bdale Garbee. Baadhi ya wapinzani walijitenga na kuunda Devuan.

Hata hivyo, kinachomkwaza anayerudi sysvinit si kuwasha. Systemd huja na logind, inayotambua nani ameketi mbele ya skrini na kumruhusu kuzima mashine au kufungua diski ya USB bila nywila ya msimamizi. Ikikosekana, kompyuta huwaka vizuri, kisha kitufe cha kuzima hakiitiki. Wakati mwingine GNOME yote, yaani madirisha na menyu, hufutwa pamoja na systemd. Orodha ya vitakavyoondolewa isomwe kabla ya kukubali.

Tiba iliyozoeleka ni elogind, ambayo ni logind iliyochomolewa na kusimama peke yake. Kwa Xfce inatosha. Kwa GNOME sivyo tena: toleo la 49, la mwaka 2025, liliacha njia yake yenyewe ya kuanzisha huduma zake na kuiachia systemd.