Sumu Iliyofunua Siri ya Ziwa Kivu

Sisi tukaao Kalehe twaliona Ziwa Kivu kila siku: taa za wavuvi usiku, sambaza sokoni, kisiwa cha Idjwi mbele yetu. Lakini hayo ni mambo ya juu tu. Ukishuka meta 70 hivi, hewa ya kupumua imekwisha, wala samaki hawezi kuishi. Tangu hapo mpaka chini kabisa, meta 485, maji yameshika gesi nyingi. Mbelgiji Damas aliyapima maji hayo mwaka 1935, akaigundua. Mojawapo yaitwa metani, nayo huwaka moto.

Metani hiyo hupanda polepole, lakini inayofika hewani ni kidogo sana. Je, nani anaila njiani? Ni bakteria, vijidudu wasioonekana kwa macho. Lakini wale wakaao pasipo hewa wanaweza namna gani? Wataalamu walidhani wanasaidiwa na bakteria wanaotumia chumvi ya salfeti badala ya hewa. Ilibaki kujaribu.

Chombo chao kilikuwa molibdeni, madini ya ajabu. Mwaka 1930 Mjerumani Bortels alionyesha kwamba bakteria fulani wa udongo huhitaji molibdeni kidogo ili kuvuta naitrojeni ya hewa. Na wale wa mizizi ya maharagwe yetu ni vivyo hivyo. Lakini chumvi yake, molibdati, ikizidi ni sumu kwa bakteria wa salfeti, kwa kuwa inafanana na salfeti. Huipokea wakidhani ndiyo, huitumilia nguvu zao bure, hata wakaishiwa. Taylor na Oremland wa Marekani waliyaeleza hayo mwaka 1979.

Basi kati ya 2011 na 2014 Fleur Roland na wenzake kutoka Ubelgiji na kwingineko walifika ziwani mara sita. Walijaza chupa maji yasiyo na hewa. Nyingine wakaziacha hivi hivi, nyingine wakazitia molibdati. Katika baadhi ya zile zenye sumu, kazi ya kula metani ilipungua, lakini katika nyingine iliongezeka. Habari ilitolewa 2018: yaonekana bakteria wa salfeti wana sehemu katika kazi hiyo.

Lakini tusijidanganye. Bakteria hula gesi ipandayo polepole tu. Hawaimalizi akiba ya chini, kilomita za ujazo 60 hivi za metani, wala hawawezi kuizuia ikifumuka ghafula. Mwaka 1986 gesi ya kaboni ilifumuka katika ziwa Nyos, huko Kameruni, ikaua watu 1,700 hivi. Kwa hiyo tuwashukuru walinzi wetu wadogo, na tuwapokee vizuri wataalamu wajapo kupima maji.